Sikio halina kope: maswali na majibu kuhusu kelele za kila siku

Kisenyi, hapa Kampala, huamshwa na vinu. Jua likichomoza tu mashine za kusaga mahindi zimewaka, makondakta wa teksi wanagombania abiria, na kipaza sauti cha mtaani, kile Waganda wanachokiita kizindaalo, kinatangaza mbuzi wa nani kapotea. Maswali yafuatayo huulizwa sana na wakazi wanaozungumza Kiswahili.

Ninaishi karibu na baa mwaka wa sita sasa. Hata siisikii tena. Si nimeshazoea?

Akili yako imezoea. Mwili bado. Jicho hufumbwa, lakini sikio halina kope: usiku kucha linapokea sauti na kuzipeleka kwenye ubongo. Honi ikilia, moyo huongeza mapigo na mwili humwaga homoni za mshtuko, hata kama hukuamka na asubuhi hukumbuki kitu. Hali hiyo ikijirudia usiku hadi usiku, shinikizo la damu hupata njia ya kupanda. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani huihesabu kelele miongoni mwa mambo yanayochangia magonjwa ya moyo. Mwongozo wake wa mwaka 1999 ulipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Mazungumzo ya kawaida hufika kama 60. Hiyo baa yako ikadirie mwenyewe.

Wengi wanaoamka wamechoka, wakali kwa watoto na kichwa kinagonga, hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya maumivu. Muuza dawa naye haulizi usiku ulikuwaje.

Mbona mvua ikipiga mabati ni kelele kuliko redio ya jirani, na mimi hulala fofofo?

Swali hili nalipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba ukubwa wa sauti ni nusu tu ya habari. Mvua ina mlio mmoja, haikatiki ghafla wala haina maneno, na hakuna wa kumkasirikia. Redio ya jirani inaongea, na ubongo hufuata maneno utake usitake. Inanyamaza, unaanza kusinzia, inarudi. Besi yake nayo hupenya ukuta wa tofali kirahisi kuliko sauti nyembamba. Zaidi ya yote, huna uwezo wa kuizima, na kuona huna la kufanya huongeza kero mara dufu.

Basi iga mvua. Feni inayozunguka usiku, au redio ndogo iliyoachwa kati ya stesheni mbili ikivuma taratibu, hufunika zile sauti za kushtukiza. Iwe chini, na isiwe kichwani pako.

Nitajuaje kwamba kelele ya kazini inaniharibu masikio?

Simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, mko karibu na desibeli 85 au zaidi. Katika kiwango hicho, wataalamu wa usalama kazini huruhusu saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Wenye vinu na mafundi wa vyuma wa Katwe hupita hapo kabla ya chai ya saa nne.

Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya matone itakayozirudisha. Masikio yakivuma baada ya disko au kazi, umeshaonywa. Mvumo ukiendelea zaidi ya siku mbili, nenda kituo cha afya. Na sikio moja likiziba ghafla bila maumivu, usisubiri wiki ipite: matibabu ya tatizo hilo hufaa yakianza mapema.

Tunapanga muzigo, chumba kimoja, na watoto wawili. Tufanyeje?

Hamisha kitanda kutoka ukuta mnaochangia na jirani mwenye makelele, na mahali pake weka kabati lililojaa nguo. Ziba mwanya ulio chini ya mlango kwa kanga iliyoviringishwa, kwa kuwa sauti hupita popote hewa inapopita. Pazia nzito hupunguza mwangwi wa ndani, lakini makelele ya nje haliyazuii sana. Pamba masikioni husaidia kidogo mno. Vizibo vya sponji vya kukandamiza vinafaa zaidi, navyo vioshwe au vibadilishwe.

Hapa nasisitiza: msizibe madirisha na matundu ya hewa huku sigiri ya makaa imo ndani. Gesi yake haina harufu, na inaua watu usingizini. Bora kelele.

Kwa watoto, tafuteni saa moja ya kusoma bila redio wala televisheni. Huko New York, utafiti wa mwaka 1975 ulikuta kwamba wanafunzi wa madarasa yaliyoelekea reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lile lile. Reli ilipowekewa mipira na madarasa kupunguziwa kelele, tofauti ile ilitoweka.

Sheria inasemaje?

Kanuni za kelele za Uganda za mwaka 2003 ziliweka viwango, na vya usiku, kuanzia saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, ni vya chini zaidi. Anzia kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kisha mamlaka ya mazingira, NEMA. Lakini kwanza kaongee na jirani mwenyewe, mchana, muziki ukiwa umezimwa.

Nilikimbia vita Kongo. Fataki za mwaka mpya zikilipuka, najikuta chini ya meza. Nina wazimu?

Hapana, ndugu yangu. Mwili wako ulijifunza kwamba mlipuko ni kifo, na somo hilo lilikuokoa. Bado haujaambiwa kwamba umefika salama. Ikikupata, gusa sakafu kwa miguu, taja kimoyomoyo vitu vitano unavyoviona, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta. Waambie wa nyumbani usiku wa fataki wasikuache peke yako. Ndoto mbaya zikidumu kwa wiki kadhaa, mweleze mhudumu wa kituo cha afya na umwombe mshauri wa afya ya akili.

Utulivu Kampala uko wapi?

Hekalu la Wabahai, kilima cha Kikaya, lililofunguliwa 1961, lina bustani kubwa ambako mtu wa dini yoyote huruhusiwa kukaa kimya. Ukipata siku nzima, Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa 1898, iko kando ya ziwa, na kwenye barabara ya Jinja kuna msitu wa Mabira. Msikiti wenye zulia, kati ya adhuhuri na alasiri, humeza sauti ya mji wote.

Nauli ikikosekana, baada ya swala ya alfajiri kuna kama nusu saa kabla vinu havijawashwa. Toa kigoda mlangoni, simu uiache ndani.