Paka dume anajikamua kwenye mchanga na hakuna kinachotoka? Usingoje kesho

Sisi madaktari wa mifugo tunaletewa paka wa kila aina, lakini kesi inayouma zaidi ni ya paka dume aliyeziba njia ya mkojo, kwa sababu mara nyingi mwenyewe dalili alishaziona tangu jana yake akadhani ni choo kigumu tu. Anakwambia, dokta huyu anachuchumaa kwenye mchanga kila saa, analia, nimempa mafuta lakini wapi. Ukimpapasa tumbo unakuta kibofu kimejaa kimekaza kama mpira wa tenisi. Choo hakihusiki hapo.

Majike njia yao ni fupi na pana kidogo, ndo maana kwao kuziba ni nadra. Ya dume ni nyembamba na inazidi kubana kule mwishoni, basi vichembe kama mchanga vikichanganyika na ute, au njia yenyewe ikivimba, mkojo haupiti. Sasa mkojo usipotoka sumu zinarudi kwenye damu, potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu) inapanda, na potasiamu ikizidi moyo unaanza kwenda polepole hadi unasimama. Yani ndani ya siku moja hadi tatu unaweza kumpoteza paka aliyekuwa mzima kabisa wiki iliyopita.

Dalili ziko wazi ukizijua: anaenda mchangani mara kwa mara anatoa tone au hatoi kabisa, anajilamba sana huko chini, mkojo una damu, anajificha, hataki kula. Akishaanza kutapika na kulegea ujue muda umekwisha kwenda.

Na tafadhali usimminye tumbo ili "umsaidie", kibofu kinaweza kupasuka. Panadol nayo usithubutu, ini la paka haliwezi kuivunjavunja kama letu, kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinatosha kumuua, fizi zinageuka rangi ya udongo na uso unavimba. Hii nairudia kila siku na bado tunaletewa.

Kliniki tunaanza na moyo na dripu, wengine wanapewa kalsiamu ya mshipa kuulinda moyo kwanza, ndo anatiwa usingizi tunapitisha mrija kuzibua. Mrija unaweza kukaa siku moja mbili hivi, na akishazibuliwa anakojoa mkojo mwingi ajabu, hivyo dripu haiondolewi haraka. Wanaoziba tena na tena kuna upasuaji wa kupanua njia.

Nyumbani ongeza maji, chakula laini chenye majimaji kinasaidia kuliko kikavu peke yake, punguza unene, mchanga uwe safi, na usimvuruge kwa mabadiliko ya ghafla maana stresi inachangia sana, watu hawaamini ila ndo hivyo. Wiki za mwanzo baada ya kuzibuliwa ndo anaweza kuziba tena kirahisi, kwa hiyo kila siku angalia mchanga kama umelowa, ukikuta mkavu mrudishe hata kama ni usiku.