Je, Wakatoliki humwabudu Maria?

Dhana kwamba Wakatoliki humwabudu Maria ni ya siku nyingi, na hurudiwa hata na watu wasio na nia mbaya. Wanaona sanamu, rozari na waumini waliopiga magoti, basi wanahitimisha.

Lakini sikiliza maneno yenyewe ya sala. Sehemu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka Injili ya Luka, sura ya 1: salamu ya malaika, kisha ya Elizabeti. Sehemu ya pili ni ombi moja tu: “utuombee sisi wakosefu.” Anayeombwa atuombee si Mungu, naye humwendea Mungu huyohuyo. Kwenye harusi ya Kana, Maria aliwaambia watumishi wamtii Mwanawe, Yesu, na tumaini la Mkatoliki limeegemea hapo.

Kanisa lenyewe limelilinda jambo hili tangu zamani. Katika karne ya 4 Epifanio, askofu wa Salamis huko Kupro, aliwakemea waliomtolea Maria mikate kama sadaka. Alifundisha kwamba Maria aheshimiwe, ila aabudiwe Mungu peke yake. Na Misa, hata katika sikukuu za Maria, hutolewa kwa Mungu.

Inauma kuona jina la Maria likizusha ugomvi kati ya waumini, ilhali Kurani ina sura nzima iitwayo Maryam, ya 19. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, ulisema wazi kwamba Waislamu nao humheshimu Maria.