Teleka ni ndege gani, na kwa nini si mbayuwayu

Mvua za kwanza zikishanyesha Kigoma na kumbikumbi wakaanza kutoka ardhini, anga la Mwanga na Ujiji hujaa ndege weusiweusi wanaopita kasi na kugeuka ghafla. Wengi wetu huwaita wote mbayuwayu. Wamo mbayuwayu kweli, lakini wamo pia teleka, na ndege hawa hawana udugu wa karibu hata kidogo.

Teleka ni ndege wa familia ya Apodidae, yenye spishi zaidi ya 100 duniani. Hula wadudu anaowadaka akiruka. Mdomo wake ni mfupi, ila kinywa hufunguka sana. Bawa ni jembamba na limepinda kama mundu, kwa kuwa mfupa wake wa juu ni mfupi mno na mifupa ya kiganja ni mirefu. Miguu ni mifupi, yenye kucha kali za kung'ang'ania ukuta, mwamba au jani, lakini haifai kutulia juu ya tawi wala waya. Hapo ndipo pa kumtambulia. Ukiona ndege amekaa kwenye waya wa umeme, huyo si teleka, hata awe na mkia wa panda.

Maisha yake yako hewani. Hunywa akipita juu ya maji bila kutua, na manyoya ya kujengea kiota huyadaka yakipeperuka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, walieleza kwamba baadhi ya teleka wa Ulaya walikaa miezi 10 bila kutua, kuanzia walipoondoka kuja Afrika hadi waliporudi kutaga.

Kwa teleka wengi, kiota hugundishwa kwa mate. Kwangu mimi, wa kustaajabisha kuliko wote ni teleka wa mitende. Hubandika kijikiota cha manyoya upande wa chini wa jani la mvumo au mnazi linaloning'inia, kisha na mayai yenyewe huyagundisha hapo kwa mate. Mzazi huatamia akiwa wima, ameshikilia kwa kucha, na upepo ukilitikisa jani mayai hayadondoki. Teleka mdogo, yule mwenye kiuno cheupe, yeye hupenda mapaa ya majengo marefu na chini ya madaraja, tena kwa makundi yenye kelele. Huko Asia zipo spishi zinazojenga kwa mate karibu matupu, na viota vyao hupikwa supu nchini China.

Mwaka 1758 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga viumbe katika makundi, alimweka teleka kundi moja na mbayuwayu, kwa sababu ya umbo. Uchunguzi wa mifupa, na baadaye wa vinasaba, umeonyesha vingine: ndugu wa karibu wa teleka ni wale ndege wadogo sana wa Amerika wanaofyonza nekta huku wakielea mbele ya ua. Mbayuwayu yuko katika oda, yaani kundi kubwa la familia, ya shomoro. Kazi moja, ya kuwinda wadudu angani, ndiyo iliyowapa maumbo yanayofanana. Chozi wetu naye yuko hivyohivyo: anafanana na wale wafyonza nekta wa Amerika, lakini ni wa upande wa shomoro.

Ndani ya familia yenyewe kuna nusufamilia mbili. Moja ni ya Amerika, na haitumii mate kujengea. Nyingine ina teleka wote waliobaki, wa kwetu wakiwemo.

Tabora nayo ina sehemu katika historia hii. Mwaka 1882 Mjerumani Herman Schalow alieleza spishi mpya kutoka Kakoma, kusini mwa Tabora, akaiita kwa jina la Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akifanya kazi huko. Teleka huyo ana tumbo jeupe na mkia mfupi kiasi kwamba ukimtazama akiwa juu utadhani umekatwa, na hutaga ndani ya mashimo marefu ya ardhini, hata visimani.