Laza Matawi: Namna ya Kuuongoza Mwaridi Unaotambaa

Malalamiko tunayoletewa kuhusu mwaridi unaotambaa yanafanana, yawe yametoka Lushoto, Njombe au Limuru. Mmea umeshika vizuri, umekwea ukuta, umefika kwenye paa, na maua yote yako huko juu yanakoonwa na kunguru. Usawa wa macho ya mtu kuna miti mitupu yenye miiba. Mwenye bustani anadhani samadi imepungua, anaongeza ndoo mbili, mmea unazidi kupaa na maua yanabaki kuwa ya paa.

Samadi haina kosa hapo. Tawi limeachwa lisimame wima, na mwaridi uliosimama wima hutoa maua kileleni tu.

Chunguza tawi lolote la mwaridi. Kila mahali jani linaposhikana na tawi pana jicho dogo lililolala. Ncha ya tawi hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka kufuata tawi na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ni nyapara: akiwa juu, wa chini hawainui kichwa. Ndiyo maana katika tawi lililo wima huamka macho mawili matatu ya juu kabisa, mengine hulala hadi tawi linazeeka. Ukililaza tawi hilo likawa sambamba na ardhi, ubabe wa ncha hupungua na macho ya upande wa juu huamka takriban yote. Kila moja hutoa kitawi kifupi kinachopanda wima, na kila kitawi hubeba maua nchani. Kwa hiyo tawi lile lile, bila kuongezewa mbolea, linapambwa kuanzia shinani hadi mwisho.

Waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua ya Naivasha au Arusha wanalijua jambo hili kwa mikono yao. Kule vitawi vyembamba visivyofaa soko havikatwi vyote. Vingi hukunjwa kuelekea njia na kuachwa na majani yake yalishe mmea, na chini ya mkunjo huchomoza machipukizi manene yanayokwenda sokoni. Shambani hutafutwa ua moja kwenye kikonyo kirefu, nyumbani tunataka maua mengi kwenye vikonyo vifupi. Mmea na kanuni ni vile vile.

Kabla ya kufikia kamba na nyaya, angalia umepanda mwaridi gani. Miwaridi mingi ya kale ya Ulaya inayotambaa huchanua mara moja kwa mwaka, na hufanya hivyo baada ya kupita kwenye baridi kali ya miezi kadhaa. Kwetu karibu na Ikweta baridi hiyo haipo. Mmea wa namna hiyo ukiletwa huku huota kwa fujo, hujaza uzio mzima majani, na maua huyaoni au unayaona kwa kubahatisha. Unachohitaji ni aina inayochanua kwa kurudia. Sifa hiyo iliingia Ulaya na miwaridi kutoka China mwishoni mwa karne ya 18, na wazalishaji wakaisambaza kwa kuchanganya mbegu. New Dawn, wenye maua ya rangi ya waridi hafifu, ulitokana na mwaridi wa kuchanua mara moja ambao tawi lake lilibadilika likaanza kurudia. Mwaka 1931 ulipewa hataza namba 1 ya mimea nchini Marekani, yaani hati ya kulinda haki ya mvumbuzi. Upo pia Iceberg mweupe wa kutambaa, uliotoka mwaka 1968 kwenye mwaridi wa kichaka wa jina hilo hilo. Ukifika kwenye kitalu, swali la kwanza lisiwe rangi. Uliza kama unarudia kuchanua, na ikiwezekana uone mmea mama.

Walio mwambao, Tanga mjini, Mombasa au Dar es Salaam, nawaambia bila kuwazungusha: kwa ukuta wenu asumini au bugenvilia itawapa raha zaidi. Mwaridi huvumilia joto la pwani, lakini usiku wenye fukuto na unyevu huuletea madoa meusi ya majani mwaka mzima, na utakuwa mtumwa wa bomba la dawa. Mahali pake hasa ni nyanda za juu, kuanzia kama mita 1,200 kwenda juu, ambako usiku hupoa.

Mwaridi hauna vikono vya kujishikiza kama mpesheni, wala haujizungushi kwenye mti kama kiazi kikuu. Ulichonacho ni miiba iliyopinda kuelekea chini, ambayo porini hunasa kwenye vichaka na kuuzuia usiteleze. Bustanini kazi ya kuushikiza ni yako, na egemeo lazima liwe tayari kabla ya mmea kuingia shimoni. Watu hupanda kwanza, kisha mwaka wa pili wanaingia na nyundo katikati ya miiba.

Kwa ukuta, piga nyaya za kulala. Tumia waya usioshika kutu, wenye unene wa milimita 2 au zaidi kidogo, upite kwenye skrubu zenye kitanzi. Waya wa kwanza uwe kama sentimita 45 kutoka ardhini, inayofuata ipishane kwa sentimita 30 hadi 40. Acha nafasi ya sentimita 8 hadi 10 kati ya waya na ukuta. Nafasi hiyo watu huipuuza kwa sababu haionekani kuwa na kazi, kumbe ndimo hewa inamopita. Mwaridi uliobanwa ukutani hushikwa na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga wa sembe unaokunja majani machanga, hasa miezi ya Juni hadi Agosti ambapo mchana ni mkavu na usiku ni baridi. Kaza waya hadi ukiupiga kwa kidole ulie. Waya uliolegea hubembea na upepo, na kila unapobembea unasugua gome.

Kwa tao la getini au kichanja cha kupumzikia, fikiria uzito wa mmea wa miaka 10, majani yakiwa yamelowa mvua ya masika. Fito za mianzi hazifiki huko. Tumia bomba la chuma lililopakwa rangi ya kuzuia kutu, au nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zifukiwe sentimita 60. Uzito si mzaha: katika mji wa Tombstone, Arizona, kuna mwaridi uliopandwa mwaka 1885 ambao umeongozwa juu ya nguzo na mabomba hadi umekuwa dari la zaidi ya mita za mraba 700, na watu hukaa chini yake. Wenyeji wamekuwa wakiongeza nguzo kadiri mmea unavyotanuka.

Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, lenye samadi iliyooza sawasawa, mahali penye jua la saa 6 kwa siku. Lisiwe chini ya ukuta kabisa. Sogea sentimita 40 mbele, kwani udongo uliokingwa na paa haupati mvua, kisha uinamishe mche kuelekea ukutani.

Mwaka wa kwanza usikate matawi marefu. Yafunge tu yasivunjwe na upepo. Iceberg na wenzake waliotokana na miwaridi ya vichaka wakikatwa sana wakiwa wachanga huweza kurudia tabia ya kichaka na kusahau kutambaa. Mkasi uguse tu matawi yaliyokufa na maua yaliyonyauka.

Kulaza kwenyewe ndiko kunakotaka mkono mtulivu. Chipukizi jipya linalotoka chini huwa jekundu na laini. Usiliguse: likisukumwa kidogo tu hung'oka shinani zima zima, na hapo umepoteza tawi la mwaka ujao. Subiri wekundu uishe, tawi liwe la kijani na limekomaa kiasi, lakini lisiwe bado limekuwa mti. Fanya kazi hiyo alasiri. Asubuhi, au baada ya kumwagilia, tawi limejaa maji na hukatika kwa mlio, ilhali alasiri ya jua linakuwa limelegea kidogo na linakubali.

Vaa glavu za ngozi na mikono mirefu. Mkono mmoja ushike shina karibu na ardhi ili mkunjo usifike pale tawi linapoungana na shina, mwingine uteremke nalo polepole kuelekea waya. Ukilisikia linagoma, acha hapo ulipofika, lifunge kwa muda, rudi baada ya wiki uliteremshe tena. Matawi manene huhitaji awamu tatu hivi. Si lazima lilale kabisa kama ubao. Hata likibaki limeinuka kidogo macho yake yataamka. Panga matawi kama feni iliyofunguliwa, ya chini yalale zaidi, na kila moja lipate waya wake bila kupishana na jirani.

Fungio liwe laini. Kamba ya katani inatosha, na ina faida ambayo waya wa plastiki hauna: huoza yenyewe, kwa hiyo ukisahau kuilegeza haimnyongi mmea. Vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli navyo ni vizuri, kwa kuwa vinavutika. Zungusha kamba kwa umbo la tarakimu 8, tundu moja likamate waya na jingine likamate tawi, ili kamba yenyewe ikae katikati yao na gome lisiguse chuma. Acha nafasi ya kupitisha kidole, kwani tawi litanenepa. Waya wa kufungia nondo, ambao mafundi huacha vipande vyake kila nyumba inapojengwa, uache kwa nondo.

Tena, funga tawi mbele ya waya. Usilisokote kuingia na kutoka. Fensi za wavu zimejaa mijini na kishawishi cha kulipenyeza tawi kwenye matundu ni kikubwa, maana linajishika bila kamba. Miaka mitatu baadaye tawi limenenepa kuliko tundu, waya umeingia ndani ya gome, na ukitaka kulitoa utalikata vipande vipande au ukate fensi.

Kwenye nguzo moja huwezi kulaza, basi zungusha. Matawi yapande kwa kuizunguka nguzo, kila moja kwa mwinamo. Kwenye tao yapande kwa kwenda kushoto na kulia badala ya kunyooka hadi juu, la sivyo getini utapita chini ya miti na wageni watasifia maua wakiwa mbali barabarani.

Kupogoa nako kuna utata wake, kwani vitabu vingi vya bustani vimeandikwa kwa watu wenye majira ya baridi ya theluji. Wao hukata wakati mmea umelala. Mwaridi wa Mbeya au Nakuru haulali, huenda mzunguko baada ya mzunguko. Kwa hiyo fuata maua. Kundi likimaliza kuchanua, kata kila kitawi cha pembeni kibaki na macho mawili au matatu juu ya tawi kuu. Kutoka siku hiyo hadi maua mengine ni wiki 6 hadi 8, na sehemu za baridi zaidi ya hapo. Mwenye harusi nyumbani ahesabu wiki hizo kurudi nyuma, na aongeze moja ya tahadhari.

Kazi kubwa ya mwaka iweke mwishoni mwa kipindi cha baridi kavu, Julai hadi Agosti, ili mmea ukutwe na joto na mvua za vuli ukiwa umejipanga. Fungua kamba zote. Ondoa tawi moja au mawili yaliyozeeka kuliko yote, yale yenye gome la kijivu lililopasuka, ukate karibu na ardhi, kisha laza jipya kwenye waya ulioachwa wazi. Ukiona chipukizi linatoka chini ya kiungio, mahali mche ulipounganishwa, lenye majani tofauti na ya wenzake, hilo ni la mzizi wa kienyeji uliobebeshwa. Fukua udongo, lifuate hadi linapoanzia, ulivute ling'oke. Ukilikata juu kwa mkasi litarudi na ndugu zake.

Tuseme mwaridi wako tayari uko kwenye paa, matawi ni magumu kama mpini wa jembe na hakuna linalokunjika. Usijaribu kuyalazimisha, wala usiukate wote kwa siku moja. Chagua theluthi ya matawi, yaliyozeeka zaidi, ukate hadi sentimita 30 kutoka ardhini. Mwagilia, weka samadi na matandazo, na subiri. Machipukizi mekundu yatatoka chini, na hayo ndiyo utakayolaza. Mwaka wa pili kata theluthi nyingine, mwaka wa tatu iliyobaki. Kipindi chote hicho utaendelea kupata maua ya paa, na kufikia msimu wa pili ya usawa wa dirisha yatakuwa yameanza. Kama umekata na miezi mitatu imepita bila chipukizi hata moja, kwangua udongo ulioliziba shina, kwani mara nyingi limefukiwa na takataka na majani ya miaka, na jua haliyafikii macho ya chini.