Mzee Akibaki Kazini, Kijana Anakosa Nini?

Kijana aliyemaliza chuo miaka minne iliyopita, anayeshinda Mwanjelwa akisubiri kuitwa kwenye usaili, anamjua aliyekalia nafasi yake: ni mtumishi wa miaka 58 aliyebakiza miwili afikie umri wa kustaafu kwa lazima. Fundi wa miaka 50 katika kiwanda cha mbao Mafinga naye ana wake wa kumlaumu: kijana aliyekubali kufanya kazi ileile kwa nusu ya ujira. Malalamiko haya mawili tunakutana nayo kila tunapotoa elimu ya kazi Mbeya, Iringa na Njombe. Yote yana uchungu wa kweli, ila hayafanani.

Tuanze na la kijana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na wenye miaka 60 na kuendelea hawakufika asilimia 6. Wanaokaribia kustaafu ni kundi dogo mno, na kati yao wenye ajira ya mshahara ni wachache zaidi, kwa maana wengi wako shambani na kwenye biashara zao. Hata wote wakiondoka leo, foleni ya wahitimu haitasogea sana. Ni kweli kwamba serikalini mtu akistaafu au akifariki huombwa kibali cha ajira mbadala, na hapo kijana mmoja anaweza kuchukua nafasi ya mzee mmoja. Lakini huko si ndiko nchi inakotengeneza ajira nyingi.

Wenzetu wameshajaribu njia hiyo. Ufaransa mwaka 1983 ilishusha umri wa kupata pensheni kamili kutoka miaka 65 hadi 60, na mojawapo ya matumaini yaliyotajwa ni kuwapisha vijana. Ukosefu wa ajira kwa vijana haukuisha. Baadaye wachumi Jonathan Gruber na David Wise waliongoza utafiti wa nchi 12 zenye uchumi mkubwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 hayakuonyesha kwamba wazee wakibaki kazini vijana wanakosa kazi. Nafasi za kazi si viti vya daladala, kwamba lazima mmoja ashuke ndipo mwingine akae. Mwalimu wa Tukuyu mwenye mshahara anajenga nyumba. Kwenye ujenzi huo wanapata riziki fundi, saidia fundi, muuza nondo na dereva wa bodaboda, na wengi wao ni vijana.

Lalamiko la fundi wa Mafinga ni zito zaidi, na nadhani tunalisikiliza kidogo kuliko inavyostahili. Pale ushindani upo kweli, nao hauletwi na umri bali na bei na mashine. Mwajiri anayeingiza msumeno wa kisasa, au mwenye shamba la chai Mufindi anayebadilisha uchumaji wa mikono kwa mashine, mara nyingi huchagua wenye nguvu na wa bei rahisi. Mchumaji wa miaka 52 anabaki nje. Akigeukia serikalini anakuta tangazo linataka mwombaji asizidi miaka 45.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na umri umetajwa humo kwa jina. Mwajiri anayepunguza wafanyakazi anatakiwa na kifungu cha 38 kutoa taarifa mapema, kueleza sababu, na kujadiliana na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, kuhusu namna ya kuwachagua watakaoondoka. Kusema tu "tunataka damu changa" hakutoshi. Kiinua mgongo cha anayepunguzwa ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini kwa miaka isiyozidi 10. Aliyetumikia miaka 25 analipwa sawa na wa miaka 10, na kwa maoni yangu kipengele hiki kinamwonea mzee waziwazi.

Kijana naye ajue kwamba bei yake rahisi haimlindi. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hayumo kwenye ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali, ndiyo maana wapo waajiri wanaozungusha vijana, mmoja baada ya mwingine, kwa mikataba mifupi. Leo anamwondoa mzee, mwakani ataondolewa yeye.

Kwa wenye viwanda na karakana, ushauri wetu ni kuitumia miaka miwili ya mwisho ya fundi mkongwe kumwekea mwanagenzi pembeni yake. Sikio linalotambua msumeno uliopoteza makali halipatikani kwenye kitabu. Na fundi mkongwe asiye na cheti asikate tamaa: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo unapimwa kwa kazi ya mikono yako na kupewa cheti. Ulizia chuo cha VETA kilicho karibu nawe.

Ukiachishwa kazi na ukaona hukutendewa haki, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai mengine yana siku 60. Nenda na mkataba, hati za mshahara na barua ya kuachishwa, na usingoje ahadi ya mwajiri ya kumaliza mambo kwa mazungumzo, kwa sababu siku zinahesabiwa wakati mnazungumza.