Rimoti stata kwenye pikapu ya dizeli yenye tabo: tunayoambiana huku Kusini na ukweli wake

Msimu wa korosho ukianza kukolea, kuanzia mwezi wa kumi hivi, mafundi umeme wa magari huku Mtwara, Lindi na Masasi wanajaa kazi, na siku hizi wanaoulizia rimoti stata, kile kiboksi cha kuwasha injini ukiwa mbali, sio wachache, hasa wenye pikapu kama Vigo, Revo, Ranger na D-Max. Sina ubaya na hilo, kitu chenyewe ni kizuri kikifungwa vizuri. Kinachonikera ni maneno ya vijiweni, mtu ananunua boksi kwa kuangalia rimoti inafika mita ngapi na ina skrini au haina, wakati kwenye pikapu ya dizeli yenye tabo (ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini) maswali ya maana ni mengine kabisa, na mojawapo ukilipuuza linaua mtu. Naanza na hilohilo.

"Manual au otomatiki ni sawa tu, mradi fundi anajua waya."

Sio sawa hata kidogo. Otomatiki ina swichi yake kwenye gia, usipokuwa kwenye P au N selfu (mota inayozungusha injini iwake) haizunguki. Manual haina kitu kama hicho, na zile ambazo haziwaki mpaka ukanyage klachi, fundi akifunga rimoti stata lazima airuke ile swichi ya klachi, maana hamna mguu wa kukanyaga pale gari inapowashwa ukiwa mbali. Yani ulinzi uliokuja na gari umeshaondolewa. Sasa pikapu nyingi za huku ni manual, na sisi wenyewe tunajua tunavyopaki, handibreki imechoka kwahiyo ukisimama kwenye mteremko, tuseme pale Mikindani ukishuka kutoka Boma, unaitia gia namba moja unaiacha. Tabia nzuri tu hiyo ya kuzuia gari isiserereke, lakini ukishafunga rimoti stata bila mpangilio wa manual imegeuka mtego. Ukibonyeza, selfu peke yake inaweza kuisukuma gari, na dizeli ikishashika haisubiri mafuta ya mguu, ina nguvu chini kwenye sailensi (inapounguruma bila kukanyagwa) kwahiyo inaondoka taratibu na haizimiki kirahisi kama petroli. Mbele yake kama kuna mtoto, mama ntilie au ukuta, ndo hivyo tena.

Boksi lililotengenezwa kwa ajili ya manual lina utaratibu wake: unasimama, unaweka nyutro, unavuta handibreki, unachomoa ufunguo injini ikiwa bado inaunguruma, unashuka, unafunga milango, halafu injini inajizima yenyewe. Hapo mashine imejiridhisha kwamba gari ilikuwa nyutro na hakuna mtu ndani. Mlango ukifunguliwa baadae inafuta kila kitu, rimoti haiwashi tena mpaka urudie mwanzo. Watu wanaona usumbufu wanamwambia fundi "niondolee hiyo", na fundi mwenye njaa anaondoa. Usikubali. Na kama gari yako msimu wa korosho inaendeshwa na dereva, mdogo wako, shemeji na jirani aliyekuja kuazima kupeleka magunia ghalani, mimi kwa maoni yangu manual usiifunge kabisa, maana huwezi kujua wa mwisho aliiacha kwenye gia gani.

"Ya petroli na ya dizeli ni boksi moja."

Boksi linaweza kuwa moja, lakini lazima liwe na mpangilio wa dizeli na fundi aunganishe waya wa hita plagi. Dizeli haina plagi za cheche, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini ikiwa ya baridi hita plagi ndo zinasaidia, ile taa ya kijisprini cha njano kwenye dashibodi. Ukiwasha kwa ufunguo unasubiri taa izime. Boksi la petroli halijui kusubiri, linapeleka umeme na kupiga selfu papo hapo. Linalofaa ama linaisoma ile taa, ama linahesabu sekunde ulizolipangia.

Mtu atasema sisi huku joto tupu hita ya nini. Kweli kwa injini za kisasa za dizeli kama 1KD ya Vigo au 1GD ya Revo, Mtwara mjini saa nane mchana taa inazima karibu muda uleule inaowaka. Ila alfajiri ya mwezi wa saba kule juu Newala, na injini imeshakula kilomita nyingi na hita plagi moja imekufa, ni habari nyingine: selfu inazunguka muda mrefu, moshi mweupe, haijashika, boksi linapumzika na kujaribu tena, mengi yanajaribu mara tatu hivi kabla ya kukata tamaa, na wewe uko ndani unakunywa chai hujui betri inaliwa. Kwahiyo kabla ya kufunga, betri iwe nzima na hita plagi zipimwe.

Kuna na la mizunguko. Kwenye petroli nyingi fundi anapata mizunguko ya injini kutoka kwenye koili ya cheche, dizeli haina koili hiyo, kwahiyo atachukua kwenye altaneta au kwenye njia ya data, zile waya za kompyuta ya gari. Asipochukua popote, boksi linakisia kwa kuangalia volti zimepanda au la, likikosea linaendelea kupiga selfu wakati injini imeshawaka, na ule mlio wa meno kusagana kila mwenye gari anaujua.

"Ficha ufunguo wa pili ndani ya dashibodi, kazi imeisha."

Gari zenye chipu kwenye ufunguo haziwaki bila kuiona ile chipu, kwahiyo fundi anakuomba ufunguo wa akiba, anaufunga kwa tepu nyuma ya dashibodi, na kweli gari inawaka. Inawaka kwa yeyote sasa. Chipu ikikaa karibu na swichi ya ufunguo muda wote umeua imobilaiza, yaani ule ulinzi wa chipu, mwizi anahitaji kuvunja swichi tu. Kuna namna mbili za kufanya kwa heshima: moduli ya data (kifaa kinachoongea na kompyuta ya gari) ya aina hasa ya gari yako, ambayo haihitaji ufunguo wowote kubaki ndani, au ile ya ufunguo kuwekwa kwenye kiboksi chenye waya uliozungushwa, ambapo chipu inaonekana pale tu rimoti inapowasha, muda mwingine ni kama haipo. Muulize fundi anatumia ipi kabla hujamkabidhi ufunguo. Akishangaa swali, tafuta mwingine.

"Ukizima bila kusubiri dakika tano tabo inakufa, ndo maana tunafunga rimoti stata."

Hapa vitu viwili vimechanganywa. Rimoti stata inawasha. Kinachoiacha injini iungurume baada ya kuchomoa ufunguo ni tabo taima, na boksi nyingi za dizeli zinakuja nayo ndani, ila sio zote, kwahiyo uliza. Kuhusu hizo dakika tano: shafti ya tabo inazunguka mara zaidi ya 100,000 kwa dakika ikiwa kazini, na inalainishwa na oili ya injini, ukizima ghafla ikiwa ya moto sana oili haipiti tena, ile iliyobaki inaungua na kuganda kwenye beringi. Hatari ni ya kweli, ila inategemea umetoka wapi. Vijitabu vya Toyota za dizeli vinaeleza wazi kwamba mwendo wa kawaida wa mjini hauhitaji kusubiri kabisa, na baada ya kupanda mlima mkali ndo kama dakika 2. Kwahiyo umetoka Shangani kwenda sokoni, zima gari. Umepandisha mlima wa Newala ukitokea Masasi na tani ya mzigo mgongoni, mpe dakika zake mbili, au endesha taratibu kile kipande cha mwisho, maana hapo tabo inapoa hukuhuku unatembea. Dakika tano kila unaposimama ni kuchoma dizeli tu.

"Iache iungurume robo saa, injini ipate moto vizuri."

Dizeli kwenye sailensi inapata moto polepole mno kwa sababu inachoma mafuta kidogo sana, robo saa nzima na kipimo bado kiko chini. Wakati huohuo masizi yanajikusanya kwenye EGR (njia inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini), na kama gari ni mpya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi ndo unalijaza kabla hata hujatoka getini. Dakika moja, oili ikishapanda, ondoka bila kukanyaga sana kilomita za mwanzo. Chagua boksi ambalo muda wa kuunguruma unaupanga mwenyewe, uweke dakika 5 au chini.

"Rimoti stata ni ya Wazungu wenye theluji."

Ilianzia huko kwenye baridi ni kweli, lakini gari iliyolala juani mwezi wa kumi na moja pale Nachingwea usukani haushikiki, na kuikuta AC imeshafanya kazi dakika tatu ni raha halali kabisa. Ushauri mdogo, mashine ya AC kwenye sailensi inazunguka polepole, ukifungua madirisha kwanza joto litoke itakusaidia kuliko kuongeza dakika.

"Nunua ya mita 1,000."

Hizo mita zimepimwa uwanja mtupu. Weka kuta za tofali, mabati na mikorosho katikati, zinabaki chache sana. Na mimi nasema gari usiyoiona usiiwashe, hasa ikiwa imepaki chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto au ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa dizeli uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 2012, na moshi hauangalii kama ni wewe umewasha au rimoti.

Volti nalo watu wanalirukaruka. Pikapu nyingi ni 12, lakini kuna Land Cruiser na magari ya mzigo ya 24, soma lebo ya boksi, uangalie na betri ziko ngapi na zimeungwaje.

Na hapa pwani kuna adui ambaye boksi lolote haliandiki kwenye maelezo yake. Hewa ya chumvi, halafu salfa. Pikapu iliyobeba salfa ya kupulizia mikorosho, ule unga wa njano unaingia kila tundu, ukikutana na unyevu shaba inageuka nyeusi, na chumvi inaweka ule ukijani kwenye viungo. Waya uliosokotwa na kuviringishwa tepu ndo unaanza kufa kwanza. Taka uchomelewe kwa risasi na kufunikwa na mpira wa kubana kwa moto, boksi likae juu nyuma ya dashibodi sio karibu na sakafu. Halafu angalia ile swichi ndogo ya kidole chini ya boneti, pini tu yenye springi inayoshuka boneti ikifungwa. Ikishika kutu ikanasia chini, boksi linaamini boneti imefungwa wakati fundi wako ana mikono karibu na feni. Ipake grisi, ibonyeze kwa kidole kila unapopima oili uone inarudi.

Siku ya kuchukua gari usilipe kabla hujajaribu mwenyewe, mbele ya fundi, gari ikiwa nyutro na mbele hamna mtu. Fungua boneti, simama pembeni, bonyeza rimoti: isiwake. Funga. Kama ni manual, shusha handibreki, bonyeza: isiwake. Vuta handibreki, fuata utaratibu wa nyutro, washa, halafu ingia ukanyage breki bila ufunguo: izime. Kama ni manual, uiandae tena, fungua mlango na ufunge, bonyeza: isiwake. Moja likifeli, gari inabaki kwa fundi na hela inabaki mfukoni.