Skrubu zote nimetoa, mbona kaunta haitoki?

Wiki hii nimeitwa tena kuokoa vigae vya jikoni kwa mtu anayebadilisha kaunta. Mwenye nyumba ananisimulia kama mtu aliyeonewa: "Fundi, skrubu zote nilitoa, nikainua tu." Akainua tu! Safu nzima ya chini ya vigae ikamfuata.

Hilo neno "kuinua" ndilo linalonichosha. Jikoni kwingi vigae vya ukutani hubandikwa baada ya kaunta kuwekwa, kwa hiyo safu ya chini imeikalia kaunta, na katikati pana silikoni (ile gundi laini kama mpira ya kuzibia) au grauti (ule ujazo mgumu wa kati ya vigae). Ukiinua kaunta unakibandua kigae kwa chini. Kaunta kama hiyo hushuka kwanza, halafu ndipo inavutwa mbele.

Itashukaje? Chungulia nyuma ya ule ubao unaoziba chini ya makabati. Makabati mengi ya kisasa yanasimama juu ya miguu ya plastiki ya kuzungusha. Legeza skrubu zilizoshika kabati ukutani, zungusha miguu, kabati lishuke na kaunta yake milimita 3 au 4. Zinatosha. Kabati lisilo na miguu hiyo halishuki. Hapo mimi hukata kaunta vipande, msumeno ukiwa umewekwa kina cha unene wa ubao na si zaidi, maana chini yake kuna kabati ambalo bado tunalihitaji.

Sinki na jiko la kupachika vitoke mapema. Maji yafungwe, umeme uzimwe, gesi aiguse mwenye ujuzi wake. Basi.

Silikoni nayo ikatwe kabla hujazungusha mguu hata mmoja. Kisu kilaze juu ya kaunta ya zamani, usikiegemeze kwenye kigae. Kaunta inakwenda kutupwa, ichane upendavyo! Watu huogopa kuchubua takataka huku wakikwaruza kigae kinachobaki. Kata polepole mpaka kisu kiguse ukuta, kisha rudia, kwa sababu kuna mafundi waliomimina silikoni kama wanapaka siagi.

Na bado kuna siku nafanya yote haya kigae kinadondoka. Labda gundi ilishachoka, labda plasta iliingia maji. Huwa nagonga kwa kidole kusikiliza kama nyuma kuna uwazi, ila nimeshadanganywa na kigae kilicholia vizuri kabisa. Siku hizi kabla sijashika kisu nauliza: vigae vya akiba unavyo?

Halafu unene. Kaunta nyingi za mbao zilizobandikwa laminati, lile tabaka gumu la juu, huwa milimita 28 au 38, na nafasi iliyoachwa chini ya vigae ni ya ile ya zamani. Mteja wangu wa wiki hii alikuwa na ya 28, ameshanunua ya 38. Anasema tutailazimisha tu. Angalau safu ya chini ya vigae haipo tena kumzuia.